Kupunguza kasi ya feni bandani si suala la umeme peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nichangie mada ya feni za kasi inayobadilika katika mabanda ya mifugo, ambayo gazeti lako liliigusa katika makala ya ufugaji ya hivi karibuni. Makala ile ilikuja kwa wakati wake, kwa kuwa wafugaji wanaotoka kwenye mabanda ya wazi na kuingia kwenye mabanda yaliyofungwa wanashawishiwa kila upande wanunue vidhibiti vya kasi, na hoja wanayopewa karibu siku zote ni moja, kwamba bili ya umeme itashuka. Hoja hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, mimi ambaye kazi yangu ni kufunga na kurekebisha feni na umeme wa mabanda naona makala ilisimulia upande mmoja tu wa jambo, na upande uliobaki ndio unaoamua kama mnyama atavuta hewa safi au atashinda ndani ya unyevu na amonia.

Nianze na hesabu ya umeme yenyewe, maana hata hapo mwandishi alikuwa mpole mno. Aliandika kwamba feni ikizungushwa kwa nusu ya kasi yake itakula nusu ya umeme, ilhali ukweli ni kwamba inakula pungufu sana ya hapo. Kiasi cha hewa kinachopita kwenye feni hupanda na kushuka sambamba na kasi; mgandamizo ambao feni inaweza kuutengeneza hufuata kipeo cha pili cha kasi; na nguvu inayohitajika kuizungusha hufuata kipeo cha tatu. Kwa hiyo feni iliyoshushwa hadi asilimia 80 ya kasi yake inapitisha asilimia 80 ya hewa kwa takriban asilimia 51 ya nguvu, na ile iliyoshushwa hadi nusu inapitisha nusu ya hewa kwa sehemu moja tu ya nane ya nguvu. Kwenye mita mfugaji ataona nafuu iliyo ndogo kiasi kuliko hiyo, kwa sababu mota na kidhibiti vina upotevu wao ambao haushuki kwa mpangilio huo huo, lakini bado ni nafuu kubwa.

Hesabu hiyo inazaa jambo linalowashangaza wengi: feni mbili zinazozunguka kwa nusu ya kasi hutoa hewa sawa na feni moja inayozunguka kwa kasi yote, lakini kwa pamoja zinadai robo tu ya nguvu. Ndiyo maana wauzaji hupenda kushauri kwamba feni zote za banda ziunganishwe kwenye kidhibiti kimoja, zipande na kushuka pamoja. Kwa bili ya umeme, ushauri huo hauna kasoro. Kwa banda lililofungwa, hasa wakati wa baridi, ni ushauri mbaya, na sababu yake imo katika ile kanuni ya pili niliyoitaja, ya mgandamizo, ambayo makala haikuigusa kabisa.

Banda lililofungwa hupumua kwa kunyonya. Feni zinatoa hewa nje, mgandamizo wa ndani unakuwa mdogo kidogo kuliko wa nje, na tofauti hiyo ndiyo inayoisukuma hewa safi iingie kupitia matundu yaliyopangwa ukutani au kwenye dari. Tofauti inayotafutwa kwa kawaida ni paskali 12 hadi 25, kiasi kidogo mno ambacho mtu hawezi kukihisi masikioni, lakini kinatosha kuifanya hewa iingie kwa mwendo wa mita 4 hadi 5 kwa sekunde au zaidi kidogo. Mwendo huo una kazi maalumu. Hewa baridi inayoingia kwa kasi hukimbia ikiambaa chini ya dari hadi katikati ya banda, ikichanganyika njiani na hewa ya joto iliyokusanyika juu, kisha hushuka kwa mnyama ikiwa imekwisha kupata joto na kukauka. Mwendo ukipungua, hewa hiyo hiyo haifiki katikati. Inadondoka palepale ilipoingilia na kuwapiga mgongoni vifaranga, ndama au watoto wa nguruwe walio karibu na ukuta. Mfugaji anayewaona vifaranga wamerundikana katikati na kuacha mita moja tupu pande zote mbili, huku maranda yakiwa yameloa kwenye ukanda huo mtupu, asikimbilie kuongeza moto kabla hajatazama namna hewa inavyoingia.

Sasa tuipime feni iliyopunguzwa kasi kwa kipimo hicho. Tuseme feni fulani, ikiwa kwenye kasi yote, hufikia kikomo chake kwenye paskali 60, yaani hapo haiwezi tena kusukuma hewa yoyote. Ishushe hadi nusu ya kasi, na kikomo kinashuka hadi paskali 15. Upepo wa kawaida wa mita 5 kwa sekunde, ambao ni kilomita 18 kwa saa na hauwezi hata kumtoa mtu kofia, unapopiga ukuta unausukuma kwa takriban paskali 15. Maana yake ni kwamba feni iliyowekwa upande unaokabili upepo, ikiwa kwenye nusu ya kasi, inaweza kufutwa kazi kabisa na upepo ambao mfugaji haujali. Na jambo baya zaidi ni kwamba feni hiyo haisimami. Mapanga yanazunguka, kioo cha kidhibiti kinaonyesha asilimia 50, mtu akipita nje anasikia mlio wa feni na kuridhika, lakini hewa haitoki.

Jambo hili linaonekana kwa macho, wala halihitaji chombo cha gharama. Simama nje ya feni inayozunguka polepole siku ya upepo na uzitazame shata zake, yaani vile vibamba vinavyofunguka kwa hewa inayotoka na kujifunga feni ikizimwa. Zikiwa zinafanya kazi vizuri, zimefunguka na kutulia. Zikiwa zimelemewa, zinapigapiga, zinafunguka robo na kujifunga tena. Kisha ingia ndani uitazame feni ya jirani ambayo imezimwa. Kama shata zake hazifungi sawasawa, utaona mapanga yake yanazunguka taratibu kinyumenyume, kwa sababu hewa inaingia kupitia humo badala ya kupitia kwenye matundu yaliyokusudiwa, halafu inakwenda moja kwa moja kwenye feni inayofanya kazi na kutoka nje bila kumfikia mnyama hata mmoja. Feni hiyo inayozunguka kinyume ikiwashwa ghafla, mota yake hulazimika kwanza kuyasimamisha mapanga kabla ya kuyageuza, nayo huvuta umeme mwingi kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Nimebadilisha mota kadhaa zilizoungua kwa njia hiyo, na kila mara mwenye banda alikuwa akiulaumu umeme.

Kwa hiyo zipo kanuni mbili zinazovutana, na hapa ndipo ninapotofautiana na makala. Umeme unataka hewa itolewe na feni nyingi zinazokwenda polepole. Mgandamizo unataka itolewe na feni chache zinazokwenda kwa kasi ya kutosha. Wakati wa joto, matundu yakiwa wazi kabisa na banda likihitaji hewa nyingi, upande wa umeme unaweza kusikilizwa. Wakati wa baridi, matundu yakiwa yamebanwa na banda likihitaji hewa kidogo lakini inayoingia kwa nguvu, lazima upande wa mgandamizo ushinde. Kidhibiti kimoja kinachozipandisha na kuzishusha feni zote pamoja hakiwezi kutii kanuni zote mbili.

Kuna swali linalotangulia hayo yote: ni hewa kiasi gani iliyo ya chini kabisa ambayo banda haliwezi kukosa? Wafugaji wengi huipanga feni kwa kipimajoto tu, na usiku wa baridi kipimajoto kinasema hakuna joto la kutoa, kwa hiyo feni inashushwa hadi karibu na sifuri. Lakini kiwango cha chini cha hewa hakipangwi na joto. Kinapangwa na unyevu, amonia na hewa ya ukaa, ambavyo mnyama na samadi yake huvitoa usiku na mchana. Ng'ombe mmoja wa maziwa hutoa zaidi ya lita 10 za maji kwa siku kwa njia ya pumzi na ngozi. Maji hayo yasipotoka na hewa, yataganda kama matone kwenye bati na kurudi chini kwenye malazi. Viwango vinavyotumiwa na wapangaji wa mabanda kwa ng'ombe aliyekomaa ni takriban mita za ujazo 85 kwa saa wakati wa baridi na zaidi ya 800 wakati wa joto, kwa hiyo mfumo uleule unatakiwa uweze kupanda karibu mara 10 kutoka chini hadi juu. Kwa kuku wa nyama upana huo ni mkubwa zaidi, maana kifaranga wa siku moja ana takriban gramu 40 na baada ya wiki 6 amevuka kilo 2, ndani ya banda lilelile na kwa feni zilezile.

Wapo wanaohofia kwamba kuingiza hewa ya nje yenye ukungu usiku kutaongeza unyevu ndani. Hofu hiyo haina msingi. Hewa ikipata joto la nyuzi 10 au 11 za Selsiasi zaidi, uwezo wake wa kubeba mvuke huongezeka karibu maradufu, na kwa hiyo hata hewa iliyoingia ikiwa imeshiba mvuke inakuwa kavu mara inapopashwa joto na miili ya wanyama, tayari kubeba maji na kutoka nayo. Mfugaji anayeziba kila tundu ili kutunza joto huwa anautunza unyevu, na unyevu ukiingia kwenye malazi hutengeneza amonia zaidi. Kuhusu amonia, pua si kipimo cha kutegemea, kwa kuwa anayeshinda bandani huizoea na kuacha kuisikia. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2007 kuhusu kuku wa nyama linawataka wanaofuga kwa msongamano mkubwa wahakikishe amonia haizidi sehemu 20 kwa milioni na hewa ya ukaa haizidi sehemu 3,000 kwa milioni, na vipimo vichukuliwe kwenye kimo cha kichwa cha kuku. Kimo hicho kina maana yake. Mtu aliyesimama wima anapima hewa ambayo kuku haivuti.

Niseme basi namna ninavyoona banda lililofungwa lipangwe. Kwanza hesabu kiwango cha chini cha hewa kwa idadi na uzito wa wanyama waliomo, kisha tafuta ni feni ngapi zinazotosha kukitoa zikiwa katika kasi isiyopungua takriban asilimia 40 hadi 50. Hizo, na hizo tu, ndizo ziwekwe kwenye kidhibiti cha kasi. Katika banda lenye feni sita zinazolingana, huenda zikawa mbili, pengine moja. Zifungwe upande uliokingwa na upepo unaovuma mara nyingi, au zivishwe kofia ya nje ya kukinga upepo. Kama hata feni moja kwenye kasi hiyo ya chini inatoa hewa kupita mahitaji, kama inavyotokea kwa vifaranga wa siku za mwanzo, ni afadhali iwashwe na kuzimwa kwa saa ya vipindi, tuseme dakika chache ndani ya kila dakika 5 au 10, kuliko kuishusha hadi isiweze tena kuvuta. Feni zilizobaki ziwe za kuwasha na kuzima, zikiingia moja baada ya nyingine kadiri joto linavyopanda.

Makutano ya makundi hayo mawili ndiyo yanayowashinda mafundi wengi. Feni ya tatu inapoingia kwa kasi yake yote wakati zile mbili za mwanzo nazo ziko kwenye kasi yote, hewa inaruka kwa nusu nzima kwa mkupuo mmoja, joto linashuka, feni ya tatu inazimika, joto linapanda, nayo inawaka tena, na hali hiyo inaendelea mchana kutwa. Kidhibiti kilichopangwa vizuri huzirudisha nyuma zile mbili pale ya tatu inapoingia, ili jumla ya hewa iendelee kupanda bila kuruka, kisha huzipandisha tena polepole. Vidhibiti vingi vya kisasa vina uwezo huo ndani yake, ila mara nyingi naukuta haujawashwa, kwa kuwa aliyekifunga aliishia kwenye ukurasa wa kuunganisha nyaya.

Kingine cha kupanga ni upana wa ngazi ya joto, yaani nyuzi ngapi kati ya kasi ya chini na kasi yote. Ngazi ikiwa fupi, ya nyuzi 1 au 2, feni hupandisha na kushusha kasi bila kutulia. Ikiwa ndefu mno, mnyama anapata joto kali kabla feni hazijafika juu. Nyuzi 4 hadi 6 ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwa ng'ombe wa maziwa wanaotoa maziwa mengi, watafiti huanza kuhesabu madhara ya joto pale fahirisi ya joto na unyevu inapofika 68, na fahirisi hiyo hufikiwa kwenye nyuzi 22 tu unyevu wa hewa ukiwa asilimia 50. Binadamu kwenye nyuzi 22 anajisikia vizuri kabisa, kwa hiyo anayesubiri mpaka yeye mwenyewe atoke jasho ndipo apandishe feni amekwisha kuchelewa. Kwa vifaranga hali ni tofauti kabisa, kwa kuwa siku ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 34 na mahitaji hayo hushuka wanavyoota manyoya. Kidhibiti kisichokubali kupangiwa joto kwa umri wa kuku kitamlazimu mwenyewe akibadilishe kwa mkono, na siku akisahau, kuku ndio watakaolipa.

Matundu ya kuingizia hewa nayo lazima yafuate feni. Kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde, kila mita moja ya mraba ya uwazi hupitisha mita za ujazo 18,000 kwa saa. Feni zikitoa 36,000, uwazi unaotakiwa ni mita za mraba 2. Zikishushwa zitoe 18,000 na uwazi ukaachwa vilevile, hewa itaingia kwa nusu ya mwendo, nao mgandamizo utashuka hadi robo. Anayenunua kidhibiti cha kasi kwa feni na kuyaacha matundu yakiendeshwa kwa kamba na kumbukumbu ya kijana wa banda amenunua nusu ya mtambo. Ama yaendeshwe na mota inayosikiliza kipimo cha mgandamizo, ama yaunganishwe kwenye kidhibiti kilekile kinachoamuru feni.

Kabla ya gharama yote hiyo, banda lipimwe kama linavuja. Funga milango na matundu yote, washa feni moja kwa kasi yote, soma kipimo cha mgandamizo. Sindano isipopanda ipasavyo, hewa inaingia kwa njia za panya, chini ya milango, kwenye maungio ya bati, kwenye mifereji ya samadi, na kuendesha feni hapo ni sawa na kunyonya maji kwa mrija uliotoboka. Kuziba nyufa hakuuzwi dukani kwa jina la teknolojia, na nadhani ndiyo sababu hakuna anayekutangaza.

Kuhusu vifaa vyenyewe nitasema kwa kifupi, ila kuna kosa moja ambalo siwezi kulipita. Vidhibiti vya bei nafuu hupunguza volti kwa kukata sehemu ya wimbi la umeme, navyo hutumika kwa mota za fezi moja zilizotengenezwa kukubali hali hiyo. Mota isiyokubali huvuma, hupata joto na huungua, hasa kwenye kasi ya chini. Vidhibiti vya kubadili masafa ya umeme ni vya mota za fezi tatu, na kumfungia mfugaji kidhibiti cha masafa kwenye mota ya fezi moja yenye kapasita, kama ninavyokuta mara kwa mara, ni kuiua mota hiyo. Vipo vidhibiti vya masafa vinavyopokea umeme wa fezi moja na kutoa fezi tatu, na wasio na umeme wa fezi tatu wanaweza kuvitumia mradi mota iwe ya fezi tatu. Aina ya tatu ni mota zenye sumaku za kudumu na kidhibiti chake ndani, ghali zaidi kununua, lakini ndizo zinazohifadhi ufanisi wake vizuri kwenye kasi ya chini. Na mtu asidanganyike kwamba kidhibiti cha masafa kinaweza kuizidishia feni hewa bila gharama: kuipandisha feni ya hezi 50 hadi 60 ni kuidai mota takriban asilimia 73 zaidi ya nguvu iliyozoea.

Kidhibiti kisifungwe ndani ya banda. Vumbi la maranda na amonia hula saketi zake, kwa hiyo kikae kwenye chumba kikavu chenye hewa safi, na waya unaotoka humo kwenda kwenye mota uwe wa kukingwa, usipite pamoja na waya za vihisi joto. Mota kadhaa zikiunganishwa kwenye kidhibiti kimoja, kila moja iwe na kinga yake ya kuzidiwa. Fundi anayekifungua asubiri dakika zilizoandikwa kwenye kibandiko chake baada ya kukata umeme, maana kapasita za ndani hubaki na chaji inayoweza kuua. Uunganishaji wa vyuma vyote vya banda na ardhi ufanywe kwa makini kuliko nyumbani, kwa kuwa ng'ombe huhisi volti ndogo ambazo sisi hatuzihisi, na ng'ombe anayekataa kunywa kwenye birika fulani huenda anapigwa na umeme mdogo kila anapoligusa.

Mabanda yaliyo wazi pembeni yana habari tofauti, na mengi niliyoeleza juu ya mgandamizo hayayahusu. Humo feni hazitoi hewa nje, zinaisogeza tu juu ya mnyama, ziwe feni za kuning'inia zinazopuliza mbele au mapangaboi makubwa ya darini ambayo mengine yana kipenyo cha mita 7. Kipimo cha humo ni mwendo wa hewa kwenye kimo cha ng'ombe aliyelala, na wakati wa joto tunautaka ufike angalau mita 1 hadi 2 kwa sekunde. Huko ndiko kasi inayobadilika inakoleta nafuu yake yote bila kuleta matatizo niliyoyataja, na kama makala ingejifunga kwenye mabanda ya aina hiyo nisingekuwa na la kusema.

Nimeiacha hoja ya umeme kukatika hadi hapa kwa sababu ndiyo nzito kuliko zote. Banda la wazi feni zikizimika, mifugo inapata shida. Banda lililofungwa lenye kuku wazito feni zikizimika mchana wa joto, vifo vinaanza ndani ya dakika kadhaa, wala havisubiri fundi aitwe. Kuziweka feni zote nyuma ya kidhibiti kimoja ni kulifanya banda zima litegemee kipande kimoja cha elektroniki ambacho radi moja inaweza kukikaanga. Kwa hiyo feni zigawanywe kwenye saketi zaidi ya moja. Kuwe na swichi ya kukikwepa kidhibiti ili feni ziendeshwe kwa kasi yote moja kwa moja pale mota inaporuhusu. Kuwe na swichi ya joto inayojitegemea, isiyopitia kwenye kompyuta, ya kuwasha baadhi ya feni joto likivuka mpaka. Na king'ora kiwe na betri yake, kwa sababu king'ora kinachotumia umeme uleule uliokatika hakina faida. Mapazia ya pembeni yawe ya aina inayojiachia yenyewe umeme ukikosekana. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 1998 kuhusu ulinzi wa mifugo linadai mfumo wa akiba na king'ora popote afya ya wanyama inapotegemea hewa ya mitambo, na linadai mitambo hiyo ikaguliwe angalau mara moja kwa siku. Sioni kwa nini mfugaji yeyote, awe popote, asubiri sheria imlazimishe kufanya hivyo.

Ombi langu kwa gazeti ni dogo. Mwandishi wenu anaporudi kwenye mada hii, awaulize wauzaji jedwali la feni linaloonyesha kiasi cha hewa kwenye paskali 0, 12, 25 na 40, kwa kasi yote na kwa kasi ya chini wanayoishauri, kisha alichapishe kama lilivyo. Muuzaji anayetoa kiasi cha hewa kwenye paskali 0 peke yake anaeleza feni ikiwa imening'inia hewani bila banda. Mfugaji akiwa na jedwali hilo mkononi, pamoja na idadi ya wanyama wake na upana wa matundu yake, anaweza kukaa na fundi yeyote na kujua kabla hajalipa kama kasi anayouziwa itatoa hewa au itazungusha mapanga tu.

Wako,
Fundi wa umeme na mitambo ya mabanda